Majina ya Watoto Kwenye Chungu cha Walimu

Lisemwalo lipo, na kama halipo basi liko njiani. Uvumi ule uliletwa na mteja aliyekuja kupunguziwa sketi. Aliusema akiwa amesimama juu ya kigoda, pini kiunoni, kana kwamba anazungumzia bei ya nyanya. Ati huko nyuma ya soko kuna mwanamke alipigiwa simu na mtu asiyemjua, akaambiwa mwanao ameanguka shuleni, tuma pesa ya daktari haraka. Mwanamke akajibu, wewe tapeli, nenda kamtapeli mama yako. Basi yule mtu akamtajia mtoto jina lake. Akamtajia na jina la kudeka. Akamtajia shangazi wa mtoto na anakofanya kazi, mpaka kuku wanaofugwa uani.

"Akatuma?" fundi cherehani aliuliza, pini mdomoni.

"Angeachaje? Mtu anayekujua mpaka kuku!"

"Sasa alijuaje huyo mtu?"

"Wengine wanasema jini. Mimi nasema jini hana shida na pesa yako. Ni walimu. Walimu wanawauza watoto wetu mtandaoni."

Fundi alimchoma mteja kiunoni. Hakukusudia. Mteja alipiga yowe, wakaombana radhi, wakacheka, lakini sketi ilipoondoka uvumi ulibaki pale barazani. Fundi alipika nao, akafua nao, akakosea mshono wa kola kwa ajili yake. Maana binti yake wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na bintiye wa mwisho alikuwa mwanafunzi katika darasa la dada yake.

Jioni, sahani zikiwa mezani, alishindwa kuvumilia.

"Mwalimu, eti mnauza watoto mtandaoni?"

Walimwita Mwalimu hata nyumbani. Ilianza kwa utani siku alipotoka chuoni, ikazoeleka. Mwalimu alicheka mpaka akapaliwa.

"Mama! Nani amnunue Sisimizi? Atarudishwa kesho yake, na nauli juu."

"Mimi ni ghali," alisema Sisimizi, kitinda mimba, aliyepewa jina hilo kwa udogo wake na kwa kuwa ukiacha sukari wazi hukawii kumkuta.

"Ghali kwa sukari tu," alisema baba yao, seremala, mtu wa maneno machache na vumbi la mbao kwenye nyusi.

Walicheka wote isipokuwa mama.

Mwalimu alifundisha darasa la nne, na katika masomo yake lililomnyima raha lilikuwa maarifa ya jamii na historia. Kitabu kilikuwa kimoja, chake yeye mwenyewe, kimepoteza jalada. Mambo yote ya kale yalipewa ukurasa na nusu, kisha maswali. Watoto walikariri wakisinzia. Basi kila alasiri alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, mahali pekee pa nyumba ile ambapo mtandao ulitulia, akatafuta.

Mtandao ni kama rundo la mitumba. Nguo nzuri imo, lakini imelala chini kabisa, na kabla hujaifikia umeshapakwa vumbi na kukanyagwa vidole. Ukurasa wa kwanza ulimwahidi masomo ya bure, kisha ukamtaka namba ya kadi ya benki. Wa pili ulijaa wafalme wa nchi za theluji. Video moja ilikula bando lote, ikakwama pale pale msemaji alipofungua mdomo. Na ukurasa mwingine, wenye picha za kupendeza, uliandika kwamba mababu zetu hawakuwa na historia mpaka wageni walipokuja kuwaandikia.

"Hawa nao!" alifoka peke yake. "Kwani babu alikuwa anangoja wageni ndipo azaliwe?"

Baadaye mwenzake waliyesoma pamoja chuoni akamwingiza kwenye kundi la simu liitwalo Chungu cha Walimu. Humo walikuwamo walimu wa shule za msingi kutoka miji mingi, na kila mmoja alitia somo lililomfaa: picha, michoro, nyimbo, maswali ya chemshabongo. Mlezi wa kundi alikuwa mwalimu wa siku nyingi ambaye wengi hawakuwahi kumwona uso. Walimwita Mwenye Chungu. Sheria yake ilikuwa moja tu: aliyepakua, na yeye apike.

Mwalimu alipakua. Alikuta somo la kamba ya wakati, akaja kumwomba mama yake futi ya kupimia nguo.

"Na mimi nitapima kwa nini, kwa macho?"

"Kwa asubuhi moja tu, mama."

Futi ikatundikwa ukutani darasani, kila inchi mwaka mmoja. Watoto wakabandika siku waliyozaliwa, siku shule ilipojengwa, mwaka waliozaliwa wazazi wao. Kijana mmoja alitazama kipande kitupu cha futi upande wa nyuma, akashika kichwa. "Mwalimu, kumbe baba naye kuna wakati hakuwepo?" Darasa zima likasogea kuangalia. Siku nyingine walichora njia ya kutoka nyumbani mpaka shule. Siku nyingine walileta vitu vya zamani: pasi ya mkaa, redio iliyokufa, ufunguo wa mlango ambao haupo tena. Mwalimu mkuu, mtu mgumu kusifu, alisimama dirishani akajisahau.

Likaja somo la mti wa familia. Kila mtoto alichora watu wake kwenye karatasi kubwa, majina yao, wanaitwaje nyumbani, kazi zao, wanachopenda. Chini aliandika namba ya simu ya mzazi, kwa sababu somo lile liliandamana na la usalama: nikipotea nitampigia nani?

Sisimizi alimalizia wake mezani nyumbani. Mama akachungulia, akaona amemchora bibi mzaa mama, amekaa, kikombe mkononi.

"Mbona bibi umemweka na kikombe kama vile yuko hapo jikoni?"

"Mwalimu alisema tuchore watu wa familia na wanachopenda. Bibi anapenda chai."

"Alipenda, mwanangu. Bibi alishakufa."

"Najua. Lakini chai sijui kama ameacha."

Mama alikwenda kukata vitunguu, ingawa chakula kilikuwa kimeshaiva.

Basi angalieni kosa lilivyoingia, lilivyovaa nguo za adabu. Mwalimu alikuwa amepakua muhula mzima bila kutia kitu, na wenzake wakaanza kumchokoza kwenye kundi. "Dada, wewe ni kula tu?" "Chungu hakijazwi kwa mate!" Aliona haya. Mkono mtupu haulambwi. Akatafuta kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, akaona hakuna kizuri kuliko ile miti ya watoto wake. Akaipiga picha yote, mmoja baada ya mwingine, vizuri, kwenye mwanga, akaitia chunguni. Pongezi zikamiminika. Mtu wa mji asioujua aliandika, "Hongera, Mwalimu! Haya ndiyo tunayotaka." Alirudi ndani akiimba.

Simu iliita asubuhi, fundi akiwa ananyoosha shati la mteja.

"Naongea na Mama Sisimizi?"

Mtaa mzima ulimwita Mama Mwalimu. Mama Sisimizi lilikuwa jina la ndani ya nyumba. Alisimamisha pasi kabla hajajibu.

"Ndiyo. Wewe nani?"

"Mama, kaa chini kama umesimama. Mimi ni mhudumu wa hospitali. Mtoto ameanguka ngazi za shule, ameumia kichwa. Dada yake Mwalimu yuko naye hapa."

"Nipe niongee naye!"

Akasikia mwanamke akilia kwa mbali, kilio kisicho na maneno.

"Hawezi, mama, unamsikia mwenyewe. Sasa sikiliza. Daktari yuko tayari, kinachosubiriwa ni malipo. Nitakupa namba. Usikate simu, tafadhali. Ukikata tu, foleni inaruka kwa mwingine."

Sauti ilikuwa ya upole, sauti ya mtu aliyelelewa vizuri. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Fundi alichukua kopo la malipo ya awali ya wateja wake, akalikumbatia, akatoka mbio na futi shingoni, pini zimemjaa kifuani, pasi kaiacha inaunguza shati la mtu.

Kibanda cha wakala kilikuwa na watu. Aliwapita.

"Mama, foleni!" alifoka mwanamume mmoja mwenye kofia. "Sisi hapa ni nguzo?"

"Mwanangu anakufa!"

Mwenye kofia akarudi nyuma. Wakala, msichana waliyemwita Bi Salio, aliona kopo lililokumbatiwa, akaona na simu iliyobanwa sikioni.

"Unamtumia nani, mama?"

"Hospitali," alisema, akimtajia namba aliyopewa.

"Hospitali gani inalipwa kwenye namba ya mtu? Kata kwanza hiyo simu tupige shule."

"Amesema nisikate!"

"Ndiyo maana nakwambia kata."

"Dada, nitumie! Ni wako au wangu?"

Bi Salio hakubishana tena. Alivuta daftari la kumbukumbu polepole, akatafuta kalamu polepole, akaanza kuuliza kila tarakimu mara mbili. Alikuwa ananunua muda, na watu wote foleni, ambao siku nyingine wangemzomea, wakamwacha anunue. Kule kwenye simu, yule bwana alisikia kuchelewa, akaamua kumtuliza mama asiingiwe na mashaka.

"Usijali, mama. Mtoto hayuko peke yake. Mama yako mzazi ameshafika. Yuko hapa kitandani, amemshika mkono."

Fundi alilikaza kopo kifuani.

"Nani?"

"Mama yako. Bibi yake mtoto."

Wote pale kibandani walimwona akibadilika. Mabega yalishuka. Sauti ilipotoka ilikuwa ya chini, karibu ya heshima.

"Mpe simu niongee naye."

"Mama, muda unakwisha."

"Nimesema mpe mama yangu simu. Ni miaka sijamsikia, nina mengi ya kumwambia."

Halafu simu ikakatwa.

Bi Salio alimpitishia kiti chake dirishani; yule mwenye kofia, aliyekuwa akifoka foleni, alikimbia kumletea maji, akayamwaga nusu njiani. "Mama yangu ni marehemu," fundi aliwaambia, analia, anacheka. "Ati kamshika mkono! Jamani, marehemu kaniokoa pesa!" Mtu mmoja akasema Mungu mkubwa. Mwingine akasema tapeli mpumbavu. Yote yalikuwa kweli.

Hata hivyo mama ni mama. Alijua ni uongo, na bado alikimbia mpaka shuleni kuona kwa macho yake. Alimkuta Sisimizi kwenye dawati la mbele, anatafuna penseli. Aliingia bila hodi, akamkumbatia na pini zake zote.

"Mama! Unachoma! Na unaniaibisha," mtoto alinong'ona.

Mwalimu, chaki mkononi, alitoka na mama hadi kwenye korido. Mama akamsimulia kwa haraka, pumzi zikimkatika, kisha akasema lile lililokuwa likimkereketa njia nzima.

"Mama yangu yu hai mahali pamoja tu duniani. Kwenye ile karatasi ya Sisimizi. Huyo mtu aliionaje?"

Mwalimu aliikumbuka picha aliyoitia chunguni. Alitoa simu mfukoni, ambayo sheria ya shule ilimtaka aizime wakati wa vipindi, akaiwasha. Zikamiminika: wazazi waliompigia wakamkosa. Katikati yake ujumbe wa mama wa mapacha, mwanamke dobi aliyefua nguo za watu mlango kwa mlango: "Mwalimu nimetuma yote niliyokuwa nayo. Watoto wangu wanaendeleaje?"

Mwalimu alikwenda kwa mwalimu mkuu, akasema maneno machache, akarudi na simu ya mkuu, akawapanga watoto mstari. Mmoja mmoja wakapewa simu wawaambie wazazi wao kwa sauti zao wenyewe.

"Mama, ni mimi. Sijaanguka."

"Baba, sijaanguka. Usitume pesa."

"Mama, sijaanguka. Lakini nimesahau kalamu."

Mapacha walizungumza wote wawili kwa pamoja, wakigombania simu. Upande wa pili mama yao, aliyekuwa amefika nusu ya njia ya hospitali na sabuni bado mikononi, alikaa chini kando ya barabara. Wapita njia walidhani amefiwa.

Alasiri ile, nyumbani, fundi alifunga mlango wa mbele, jambo ambalo hafanyi akiwa na kazi. Shati la mteja lilikuwa mezani, mgongoni lina tundu lenye umbo la pasi.

"Futa zile picha," alisema. "Zote. Halafu nyamaza. Nani atajua?"

"Mimi nitajua, mama."

"Wewe ni wangu. Hata kazini hujathibitishwa. Watakufukuza, halafu nani atakuchukua? Watu watakuita muuza watoto mpaka uzeeke. Mimi nauona uvumi unavyotembea, mwanangu, hauvui viatu ukiingia ndani."

"Mama wa mapacha amepoteza pesa zake kwa ajili yangu."

"Kwa ajili ya mwizi!"

Seremala alikuwa mlangoni na randa mkononi. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema.

"Methali haziandiki barua ya ajira!" fundi alimgeukia. "Kama wataka kuchangia, kaniletee shati la mtu lililo zima."

Seremala alirudi kwenye mbao zake. Mwalimu alizifuta picha mbele ya mama yake, na mama akadhani ameshinda. Kisha akamwona anaandika kwa Mwenye Chungu habari yote, hakupunguza neno. Haikupita muda, simu ikaita. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti ya mzee yule. Ilikwaruza kidogo, kama ya mtu aliyewahi kufundisha madarasa makubwa bila kipaza sauti.

"Umefuta?"

"Nimefuta, mwalimu."

"Vyema. Futa kwanza, lia baadaye. Nami nina la kulia. Mlango nimeuacha wazi, nikidhani kila anayebisha hodi ni mwalimu."

Siku ile ile alifunga kundi, akawapitia wanachama mmoja mmoja: ni nani, anafundisha wapi, nani anamfahamu. Walikuwamo ambao hakuna aliyewajua. Yule aliyeandika "haya ndiyo tunayotaka" alikuwa mmoja wao.

Mkutano wa wazazi ulifanyika katika chumba cha darasa la nne. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti karibu na kidevu, watu wazima tunafanana na ngamia. Mwalimu mkuu alianza kwa maneno marefu. Kumejitokeza hitilafu ya kimtandao, uongozi unafuatilia, tuwe watulivu.

"Siyo hitilafu," alisema Mwalimu, akasimama. "Ni mimi."

Akasimulia. Alisema alivyotafuta masomo, alivyoyapata, alivyoona haya kuchukua bila kutoa, na alichotoa. Alipomaliza, darasa lililipuka.

"Umetuuza!" alipiga kelele baba mmoja, dereva wa lori.

"Sikuuza, baba. Nilitoa bure."

"Bure? Afadhali ungeuza, tungejua bei yetu!"

Wapo waliocheka, ikawa mbaya zaidi. Mwingine akasema hawa walimu wa simu hawajui hata kushika chaki. Mwingine akataka afukuzwe hapo hapo. Fundi alikuwa amekaa nyuma, khanga imemfunika mpaka puani. Njiani alikuwa bado anamwomba bintiye aseme ameibiwa simu. Sasa alimwona amesimama peke yake mbele ya ubao, kama siku ile ya kwanza alipompeleka shule, akiwa na sare iliyomzidi. Alijikwamua kutoka kwenye dawati, likaanguka nyuma yake kwa kishindo. Akapita katikati ya watu, akaenda kusimama ubavuni kwa mwanawe.

"Huyu ni wangu," alisema. "Mwenye la kusema aseme kwa wote wawili. Na mimi nilimwambia afiche. Hakunisikiliza."

Watu wakapunguza sauti. Mwalimu mkuu akashika nafasi hiyo, akatangaza kwamba kuanzia leo ni marufuku kutumia simu na mtandao kufundishia. Turudi kwenye kitabu.

"Kitabu kipi?" Aliyeuliza alikuwa dobi, mama wa mapacha. Kila mtu aligeuka, maana yeye ndiye aliyeumia kuliko wote. Mikono yake ilikuwa myeupe kwa maji. "Kile cha ukurasa na nusu?"

"Mama, wewe ndiye wa kulia kuliko wote," alisema dereva.

"Nimeshalia, baba, usinipangie. Mimi pesa yangu naitaka. Na mwalimu namtaka." Alivuta pumzi. "Wanangu hawajawahi kuniuliza nimetoka wapi. Mama dobi, basi, nguo chafu zinaingia, safi zinatoka. Wiki ile walikuja wananiuliza mama yangu aliitwa nani. Nikakaa na ndoo yangu, nikawahadithia mpaka maji yakapoa. Huyo mwizi kaniibia pesa. Sasa nyinyi mnataka kuniibia na hilo?"

Dereva alijikuna kichwa. "Mimi wangu kaniuliza kwa nini sina picha ya utotoni," alisema, bila kumwambia mtu yeyote hasa.

Hakuna aliyetaja kufukuza tena.

Mwalimu alipewa barua ya onyo, nzito, imewekwa kwenye faili lake. Polisi walichukua maelezo. Pesa ya dobi haijarudi mpaka leo, na sitawadanganya kwamba itarudi. Lakini seremala alimtengenezea meza ndefu ya kunyooshea nguo, imara, ya mbao aliyokuwa ameitunza kwa kazi ya mtu mwenye fedha. Na fundi aliwashonea mapacha sare bila malipo. Mwenye shati lililoungua alilitazama tundu, akaambiwa kisa, akasema, "Basi limevaliwa na historia," akataka apunguziwe tu bei ya mishono ijayo. Dereva alileta ramani kuukuu ya barabara, yenye mafuta ya injini pembeni, ikabandikwa ukutani.

Chungu kilifunguliwa tena, sasa kina mlango na mlinzi. Mwalimu hupakua, na hupika: hutia jinsi alivyofundisha, hatua kwa hatua, na mti wa familia wa watu wasiokuwepo, aliowabuni yeye na watoto wakicheka, wenye mjomba anayefuga konokono. Kabla hajatuma chochote humpa mama yake asome kwanza. Mama husoma polepole, kidole chini ya mstari, na mara nyingine humwambia, "Hapa toa."

Fundi yule ni mimi, na namshukuru Bi Salio kwa upole wa kalamu yake. Nawashukuru waliosimama foleni bila kuguna. Namshukuru mzee tusiyemjua uso, aliyepokea lawama ambayo angeweza kuikwepa. Namshukuru dobi, na kwake shukrani yangu haina kipimo. Yangeweza kuwa mengine. Kwa hiyo, mama wenzangu na walimu wetu, haya ndiyo ya kuepuka:

Usimtumie pesa anayekuambia usikate simu. Kata, upige shule.

Usimwamini mtu kwa kuwa analijua jina la kudeka la mwanao. Jina husafiri.

Usiweke mtandaoni kazi ya mtoto yenye jina lake, uso wake, watu wake au namba ya simu, hata kundi liwe la watu wema.

Usitoe kadi ya benki kwa somo linaloitwa la bure.

Usifundishe jambo la kale ulilolikuta mahali pamoja tu. Tafuta pa pili, kisha kaulize na nyumbani.

Usijiunge na kundi usilojua nani analinda mlango wake.

Usilipe fadhila kwa kitu kisicho chako.

Usiseme walimu wanauza watoto kama hukuona. Uvumi nao ni mwizi.

Usimzime mwalimu anayetafuta kwa sababu alikosea mara moja.

Usimfiche mwanao akikosa. Mwache asimame mbele za watu aseme, na wewe usibaki umekaa nyuma.